Umbali Wowote Ila Sifuri

Mama amerudi shule na miaka hamsini na miwili.
Jumanne na Alhamisi, akitoka kiwandani,
vidole bado buluu ya vitambaa,
anasukuma bakuli la supu kando
na kufungua daftari: "Haya, Jagna, kikoa ni kitu gani?"
Nje, theluji ya Łódź inaanguka bila haraka.

Fikiri mashine yako ya kutia rangi, nikamwambia.
Chini ya kilo tano haikubali, taa nyekundu inawaka.
Ukizidisha themanini inanguruma, inagoma.
Kati ya hapo ndipo kikoa: vyote vinavyoruhusiwa kuingia.
"Na masafa?"
Vinavyotoka. Vinavyotoka kweli, si ulivyotamani.
Akacheka. "Basi njano haimo.
Miaka kumi na tisa, buluu haijanizalia njano hata siku moja."

Kipeuo cha pili cha x toa nne alikimaliza amesimama:
"Kuanzia nne kwenda juu. Chini yake, mlango umefungwa.
Na kinachotoka ni sifuri au zaidi; hiki hakijui kununa."

Kisha ikaja moja chini ya x.

Bomba la joto likagonga mara mbili.
"Sifuri haiingii," akasema. "Hakuna wa kugawiwa."
Nikasubiri nusu ya pili ya jibu.
"Witosław alipokuwa Poznań alipiga simu kila jioni."
Nikadhani ameacha hesabu.
"Alipohamia Gdańsk, Jumapili kwa Jumapili.
Sasa yuko Norwei, kwenye mitambo ya mafuta:
dakika nne kwa mwezi, na upepo unakula mbili.
Umbali unakua, simu inapungua.
Niambie wewe uliyesoma: itafika sifuri?"

Nikachora ule mstari
unaouinamia mhimili, ukainama, ukainama,
usiuguse.
Haifiki, Mama. Hata x ikivuka ukingo wa karatasi,
ikashuka mezani, ikatoka mlangoni.

Akaandika, taratibu, kama anayetunga uzi sindanoni:
*Masafa: namba zote ila sifuri.*
Kisha akapanda kwenye nafasi aliyoiacha wazi.
*Kikoa: umbali wowote*
(akafuta *umbali wowote*, akaandika *namba zote*)
*ila sifuri.*

Ya kwanza aliisoma mara moja.
Hii ya pili aliitazama mpaka supu ikaganda mafuta juu.
"Hii," akasema, "wangeweza kutuachia."
Akafunga daftari kwa kidole cha buluu.