Tyubu Mia Nne na Mbili

Jumatatu Ludvik, mtunza shule, alipanda ngazi
akaanza kuushusha mwanga, darasa kwa darasa.
Tyubu ndefu, nyepesi kama mifupa ya ndege.
Alizihesabu kwa chaki ubaoni, tano tano:
mia nne na mbili.
Akazilaza boksini, gazeti katikati,
kama mtu alazavyo mayai ya kuazima.

Jumatano, chumba cha muziki, moja ikamponyoka.
Haikupiga kelele. Ilisema *poh*,
na unga mweupe ukatua juu ya kinanda.

Mkono wake ukaufuata ufagio. Ukasita.
Ufagio hutawanya.
Hilo alilijua kabla hajajua kusoma:
hapa Idrija karibu kila ukoo una mtu wake aliyeshuka mgodini.
Babu Jernej alichimba zebaki miaka thelathini
akarudi juu na mikono isiyotulia.
Kikombe chake hakikujazwa kupita nusu,
na bibi ndiye aliyemfungia vifungo vya shati
kwa vidole vilevile vilivyosuka lesi
usiku kucha, uzi hata mmoja usipotee.

Basi akafungua madirisha, theluji ikaingia bila hodi.
Akangoja nje robo saa, akivuta hewa.
Akarudi na kadi mbili ngumu, utepe wa gundi,
na chupa ya jemu yenye kifuniko.
Akapiga magoti. Kipande, kipande, kipande.
Zebaki yenyewe hakuiona.
Kozini walisema: ndani ya tyubu moja
haifiki hata punje ya ufuta.

Punje ngapi zilimwingia babu?

Ijumaa, kituo cha kukusanyia. Špela wa mizani
akahesabu, akarudia.
"Mia nne na moja. Fomu inasema mbili."
Ludvik akaitua chupa ya jemu juu ya kaunta.
Špela akaandika: *moja, imevunjika*. Akagonga muhuri.

Zitasafirishwa mbali, zisagwe ndani ya mashine iliyozibwa,
kioo huku, alumini huku,
na zebaki ipashwe moto, ipae, ipoe,
ikusanywe tone kwa tone
kama ilivyokusanywa ilipotoka mlimani;
ila safari hii
hakuna mtoto wa mtu aliyeshushwa kuifuata.

Nyumbani akachemsha kahawa.
Akajaza kikombe hadi ukingoni, makusudi,
akakiinua,
akakitazama.