Matundu Mawili

Zloti mia nne. Nimezikunja mara mbili
nikazitia mfuko wa kushoto wa sare, upande wa moyo,
si kwa mahaba, ila zipu ya kulia imekufa.
Tramu nimeikabidhi kwa wa zamu ya jioni,
theluji ya Lodz inageuka uji mweusi viatuni,
na mimi, Bogna, dereva wa mwaka wa kumi na tisa,
naingia dukani kununua sikio.

Maana gita ninalo. Lilikuwa la shemeji Ziemowit,
lilipasuka ubavu, akauziba kwa gundi ya mbao.
Kompyuta ninayo, ya binti, herufi mbili zimeng'oka.
Kinachokosekana ni cha katikati,
mkalimani:
kisanduku cha kuupokea mtikisiko wa uzi
na kuufikisha ng'ambo bila kuutia chumvi.

Kijana wa dukani ananionesha chenye matundu manane.
Taa zake zinapepesa kama sherehe ya watu nisiowajua.
"Huwezi kujua," anasema, "kesho utataka kurekodi ngoma."
Mwanangu, mimi naishi ghorofa ya nne.
Chini yangu yuko Bi Halszka na fimbo yake ya kugongea dari.
Ngoma ninayo tayari.

Gita moja, mdomo mmoja.
Tundu la waya, tundu la maikrofoni.
La tatu ningelichomeka nini, majuto?

Nasoma ubavuni mwa boksi, miwani puani.
Biti ishirini na nne.
Volti arobaini na nane za kuiamsha maikrofoni iliyolala.
Hayo nayakubali kama ninavyoikubali ratiba.
Ninachouliza ni kimoja tu:
kinachelewa?

Kuchelewa nakujua, ndiko kunakonilisha.
Dakika tatu kituoni, abiria hununa, kisha husahau.
Lakini gusa uzi, halafu sikio lingoje
hata kiasi cha kufumba jicho,
vidole vinapotea
kama mtu ashukaye ngazi gizani
akakanyaga kipandio ambacho hakipo.

Mia saba na tisini. Narudisha boksi rafuni.
Rahisi ghali, husema wenye nazo.

Jumamosi nakwenda kwenye kile kiwanda cha pamba
walichokigeuza nyumba za kupanga,
ambamo bibi yangu alisokota nyuzi za aina nyingine.
Dobromir ananifunguliea mlango, mtoto begani,
matapishi ya maziwa kwenye kola.
"Tangu huyu aje," anasema, "nyumba hii hairekodiki."
Halafu, bila kuulizwa, anakiri:
kitufe cha kushoto ukikizungusha kinakwaruza,
kama mchanga chini ya mlango.
Kwa neno hilo namwamini na vitufe vingine vyote.
Mia mbili na themanini. Hamsini, nasema.
Anamhamishia mtoto bega la pili, anakubali.
"Unapiga muziki gani?"
Sijui. Sijawahi kujisikia.

Usiku nachomeka kulia.
Taa ya kijani. Nikizidisha, nyekundu;
nyekundu naziheshimu, napunguza.
Napiga. Nafuta. Napiga.
Mara ya tano naivaa hedifoni, nasikiliza,
na kinachotangulia si gita.
Ni bomba la joto likitweta ukutani.
Ni tramu ya mwisho, na lazima Gniewko yuko zamu,
anavyoikata ile kona kwa pupa.
Ni pumzi yangu, naivuta kabla ya uzi wa kwanza
kama mtu aliyenyoosha mkono mkutanini
na bado hajaitwa.
Miaka yote hii sikujua kuwa naivuta.

Kisha gita. Jembamba, kavu kidogo,
lile bovu la ubavu linasikika, na gundi yake.
Dakika ya pili inaingia fimbo ya Bi Halszka,
mapigo mawili, karibu yaingie kwenye mdundo.

Sifuti.
Faili linataka jina. Naandika,
nikizikwepa zile herufi mbili:
jumamosi, ya tano, kiti kinalia.