Nati ya Ekseli ya Tatu

Kanali alikuja na karatasi moja, na hata hiyo haikujaa.
Tani kumi, ilisema. Pasipo na barabara.
Liwake kwenye baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Livuke mto unaomfika mtu kifuani.
Akanywa kahawa yetu, akasahau kofia juu ya ubao wangu,
akarudi kuichukua. Ndivyo lilivyoanza.

Februari, Moravia. Madirisha yameota barafu kwa ndani.
Katika ukumbi wa wachoraji tulikuwa kumi na wanne:
wanaume kumi na watatu, na mimi, Zdislava,
mwenye penseli ngumu na mwandiko wa sisimizi.

Mhandisi Kubíček hakutaka kusikia habari za fremu.
"Fremu ni ngazi," alisema. "Ilaze ngazi juu ya mawe, uipakie,
itajipinda mpaka ilie. Mimi sijengi ngazi."
Akachora bomba. Moja tu, nene, toka mbele hadi nyuma,
shafti ikizunguka ndani yake, mbali na tope,
na nusu-ekseli zikining'inia huku na huku,
kila gurudumu na shimo lake, kila gurudumu na jiwe lake.

Wenzangu walikuna vichwa.
Mimi nilikuwa nimekwisha kuliona bomba lile.
Baba alipotolewa mgodini Ostrava
daktari aliibandika picha ya eksirei kwenye kioo cha dirisha,
na nyuma ya pingili za mgongo wa baba
theluji ilikuwa ikiangukia baiskeli za watu.
Pingili ya nne ilikaa upande.
"Si uzito uliomvunja," alisema daktari.
"Ni uzito uliogeuka ghafla."
Niliyaandika maneno hayo pembeni mwa mchoro namba 212.
Kubíček aliyafuta.
Kisha akaongeza unene wa bomba, milimita mbili.

Dereva wa majaribio, Šmerda:
kitambi, soksi mbilimbili, kitunguu mfukoni.
Kinamasi cha kwanza, likapita.
Cha pili likapita, likitapika tope hadi kwenye miti.
Kilomita ya elfu nne na mia tatu, kwenye kilima kisicho na jina,
ta!
Šmerda akashuka, akainama, akauma kitunguu.
"Ya tatu," akasema. "Kushoto."

Ekseli yangu.

Tuliikata, tukaiweka chini ya hadubini.
Ufa mwembamba kuliko unywele
ulikuwa umeanzia kwenye kona niliyoichora kwa rula,
kali, safi, kona ya kujivunia.
Chuma hakipendi majivuno.
Nikaizungusha: milimita sita.
Nati ikakosa nafasi, nikaisogeza nyuma ya mkono wa ekseli,
mahali pa giza. Kubíček akatia sahihi bila kuuliza.

Kila bolti ilikuwa na jina, namba na uzito.
Ila juu ya bomba, kwenye kila mchoro,
palikuwa na mstatili mtupu ulioandikwa MZIGO.
Hatukuchora kilichomo.
Wala sikuuliza. Nilikuwa na kodi ya nyumba,
na baba wa kugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili.

Miaka ishirini na sita baadaye, vuli, msituni Beskydy,
nilikuwa nikichuma uyoga nikasikia matusi.
Lori limepakwa rangi ya chungwa, na pale rangi ilipobanduka
kijani cha jeshi kinachungulia.
Miguu miwili ya kijana imetokeza chini yake.
"Aliyechora nati hii," alifoka, "hakuwa na mikono!"

Niliweka kikapu chini. Nikavua glavu.
Mkono wangu mdogo uliingia moja kwa moja gizani,
ukaikuta, baridi, pale pale nilipoiacha.
"Nipe spana," nikamwambia. "Robo mzunguko tu."
Hakuniuliza nimejuaje.
Juu yetu, mahali pa mstatili,
magogo ya misonobari yalikuwa yakidondosha maji.