Mizani ya Sonara

Mizani hii niliinunua kwa sonara
aliyefunga duka, Barabara ya Nane, Ngamiani.
Ilizoea kupima pete za watu;
leo inapima nta ya nyuki.
Kijiko kina upendeleo. Gramu haina.

Nimechemsha vikopo, nimefunga nywele,
nimemfukuza paka.
Mafuta ya nazi sufuria hii, maji sufuria ile,
joto lao lilingane ndipo niyaoze;
yakipoa, kihifadhi, nusu gramu,
yasije yakaoza kweli.

Mwaka jana sikujua.
Niliwagawia mashoga kabla ya Idi, kwa kutaka sifa,
na siku ya tisa Somoe akanifunulia chake:
ukungu wa kijani,
mdogo kama punje ya mtama.
Nilipita mlango kwa mlango kuvikusanya.
Vilirudi kumi na kimoja.
Niligawa kumi na viwili.

Wananiambia: tia ndimu, inang'arisha.
Ndimu ni ya pweza.
Basi tia ile ya kwenye tyubu, ile isiyo na jina,
kidogo tu, nani atajua?
Hapo ninawageuzia shavu langu la kushoto,
na mazungumzo yanahamia bei ya mchele.

Juzi nilijipaka nyuma ya sikio.
Siku mbili zimepita, hapawashi.
Kwenye kikopo naandika tarehe,
jina litafuata likistahili.

Somoe yuko mlangoni.
"Nitakuwa mweupe?"
"Utakuwa Somoe."
Anasonya, anacheka, anavua viatu,
anasogeza mtandio,
ananipa sikio.