Aliyechechemea

Bugiri, mwezi wa nne. Mvua ilikuwa imekosha machimbo,
bamba likang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.
Nilikwisha kuinua nyundo, kidole nimekifunga mpira wa tairi,
hesabu yangu kichwani: bamba hili, madebe sita;
madebe sita, madaftari ya Naigaga, sabuni,
chenji ya chumvi.

Ndipo nikaona maji yametuama vidimbwi vinne,
kila kimoja na vidole vitatu.

"Kuku," alisema Balikowa, bila kuacha kutafuna muwa.
Kuku gani, Balikowa, mwenye unyayo wa sinia?
Na tangu lini jiwe likakubali kukanyagwa?

Nikaweka nyundo chini.
Jiwe nalijua. Mwaka wa kumi na moja huu nalipasua,
halina moyo, halina kumbukumbu ya mtu:
liliniangukia mguu wa kushoto, hata pole halikunipa.
Kumbe nalo lilikuwa tope.
Tope hivi hivi, la kuteleza,
la kukufanya ufue nguo jioni ambayo hukupanga kufua,
na mtu (nasema mtu, sina neno jingine)
akapita akifuata maji.

Wakaja wa Kampala na utepe na plasta nyeupe.
Wakapima, wakabishana,
wakitaja mamilioni ya miaka kama wanaogawa pipi.
Mmoja akasema dinosaria, wale wa mwanzo mwanzo,
wadogo bado, wasiojua kwamba ukoo wao utakuja kuwa majabali.
Mwingine akatikisa kichwa: tusiseme kabla hatujajua.
Huyo nilimpenda.

Mimi hakuna aliyeniuliza.
Nikachuchumaa tu, nikatia kiganja katika kila wayo:
wa kulia, mkono unazama hadi kifundo;
wa kushoto, juu juu, vidole vimeburutwa.
Wa kulia, unazama.
Wa kushoto, juu juu.

"Anachechemea," nikasema.

Yule wa utepe akageuka. Akalitazama jiwe,
kisha akatazama nilivyosimama.
Akaandika.

Bamba limekwenda, limevikwa magodoro ndani ya lori.
Nilitaja madebe sita, wakalipa sita;
Balikowa ananicheka hadi leo.

Jioni narudi kwa njia ya Kibimba, kando ya mpunga.
Mvua imepita. Sigeuki, lakini najua
tope nyuma yangu linavyosema:
kulia, zama.
Kushoto, juu juu.