Kodi Ni Neno Moja

Nyumbani kwa mama, Al-Khoud, Alhamisi baada ya Isha,
sinia imeshafutwa mpaka mafuta yake,
ndipo Thuwaini akaitoa bili ya umeme mfukoni mwa kanzu
akaitandaza juu ya sufuria ya pilipili.
"Someni. Agosti. Rial mia na kumi na mbili.
Na vyumba viwili nimevifunga,
watoto wanalala na sisi, kama tuko safarini."

Shemeji Sinani, ambaye kakake anagombea Shura,
akajibu kwa ile sauti anayoifanyia mazoezi garini:
"Mafuta yana mwisho. Nchi nayo ijifunze kula jasho lake.
Na hiyo kodi ya mapato inayosemwa ni ya walio juu.
Wewe haikugusi."
"Ikiwagusa wao, nani atawalipia?
Mwenye duka, mwenye skuli, mwenye jengo,
watainamisha kikombe kidogo tu,
chai itanimwagikia mimi."

Mama masikio yamepungua. "Kodi?
Si unampa kila mwezi yule bwana wa Mabela?"
Tukacheka. Kiswahili alichotoka nacho Unguja
kina neno moja kwa mwenye nyumba na kwa dola,
Kiarabu cha wajukuu kinayo mawili.
Kicheko kikakatika njiani,
kwa maana hakuwa amekosea sana.

Mimi ndiye mhasibu wa ukoo. Wakanigeukia
kana kwamba ninayo serikali mkobani.
Nikafungua simu:
mkopo wa miaka ishirini na mitano, nimelipa sita,
nyumba bado ya benki hadi kizingitini;
ada; tairi mbili; mchango wa harusi ya Muzna;
na kila risiti, chini kabisa, kwa wino uliofifia,
ile tano kwa mia, imejikunyata kama mdaiwa
kumbe ndiyo mdai.
Salio: rial kumi na nne, baisa mia tatu.

"Sisi ni wa katikati," nikasema.
"Juu hatufiki, chini hatusaidiwi.
Nyama ya sambusa:
inabanwa pembe tatu, halafu inakaangwa."
"Shukuruni," akasema mjomba Khalfan, ambaye pensheni yake
ilianza kabla ya haya yote.
"Nashukuru, mjomba. Ila shukuru na ushuru
vimekaribiana mno kinywani,
siku hizi najing'ata ulimi."

Yote haya kwa Kiswahili, kama ada yetu kwenye mambo ya pesa,
ili dereva asielewe,
wala jirani aliyekuja kuazima ngazi
akabaki mlangoni anatabasamu.

Akaingia Kadzo na dele la kahawa.
Kadzo wa Kilifi.
Tulikuwa tumemsahau, kama mtu anavyosahau dirisha
mpaka upepo uingie.
Akamimina, kijikombe baada ya kijikombe, mkono wa kulia,
na bila kumtazama yeyote akasema:
"Kwetu hata ukimtumia mama pesa,
simu inakata yake kwanza."
Akamwongezea mjomba kahawa.
Neno hakuongeza.

Miezi miwili nyuma aliniomba rial kumi juu ya mshahara.
Aliomba jikoni, amenipa mgongo, anaosha mchele.
Nikamwambia: hali bado haijaruhusu, tuvute subira.
Sikujua nimeyatoa wapi maneno yale.
Usiku huu nimeyasikia tena, kwa sauti ya Sinani,
neno kwa neno, pamoja na kile kikohozi kidogo.

Sinani anaendelea. Anasema "kizazi kijacho".
Thuwaini anaikunja bili, ina doa jekundu
palipoandikwa tarehe ya mwisho.
Mimi, simu chini ya shela, naandika:
kumi na nne na mia tatu, toa kumi.
Nafuta.
Naandika tena.
Kahawa imekolea iliki,
na iliki nayo imepanda.