Asilimia Tatu

Katuba, shule ya msingi, darasa la nne B.
Ubaoni bado kuna hesabu yangu ya Ijumaa:
debe moja lita ishirini, madebe saba je?
Mashini ya kura imekaa juu ya dawati la mtoto,
nami, shahidi namba kumi na mbili,
nimekunjwa kwenye benchi, magoti kidevuni.

Saa tano kasoro kioo kikaandika:
betri, asilimia tatu.
Fundi akaitazama taa isiyowaka tangu Jumanne,
akasema tusubiri.
Nje mstari umezunguka choo, umevuka mtaro,
umemfikia Mama Musonda na karai lake la vitumbua.

Tatu. Namba hiyo naijua.
Ndiyo aliyosomewa kaka yangu Mutonkole
kwenye depo ya mawe, kando ya barabara ya Kolwezi,
aliposhusha mifuko minne.
Mnunuzi aliyaelekezea mawe kitu kama bastola,
kikalia ti,
akakigeuzia kioo tumboni kwake.
"Tatu."
"Nione?"
"Tatu."
Mutonkole akahesabiwa noti zinazonuka samaki,
akanunua unga wa bukari, kapenta, dawa ya kikohozi,
akarudi shimoni.

Mawe yakaenda. Sikuyasindikiza,
ila nayajua mapito yake
kama jirani ajuavyo safari za mume wa mtu:
lori mpaka Kasumbalesa, siku nne foleni,
halafu bahari ambayo sijaiona,
halafu viwanda vya watu wasiolala;
kila kituo jiwe linaongezwa bei
na kupunguzwa jina.
Kisha likarudi.
Limevaa koti la plastiki nyeusi, skrubu ndogo ndogo kifuani,
limekuja Katuba kuniuliza namtaka nani.
Na lina njaa.
Jiwe letu, limekwenda kote huko, limerudi na njaa.

Saa tisa mkuu wa kituo akatuambia twende nyumbani,
matokeo yatatangazwa.
"Matokeo ya nini?" akauliza Chola, muuza yunite za simu.
Kimya. Halafu watu wakacheka,
hata askari wa mlangoni akacheka,
akaikumbuka kazi yake, akafunga mdomo.

"Shiye tuko hapa," akasema mama mmoja,
akapindua ndoo, akaikalia.

Basi.
Sikuona ngumi, sikuona bango.
Mtu alileta betri ya pikipiki. Mwingine ya spika ya kanisa,
bado ina kibandiko cha Zaburi.
Waya zikaunganishwa kwa meno.
Fundi akasema tundu si lake, na sheria hairuhusu,
na kwa sauti ya chini, samahani.

Ndipo Chola akaomba chaki.
Nilikuwa nayo. Mwalimu hutembea nayo kama mvutaji na kiberiti.
Akaingia mmoja mmoja, akachora kijiti kimoja, akatoka.
Si kura, tulisema. Tunahesabu waliokuja.
Mutonkole alichora chake kwa mkono wenye bandeji,
kikapinda.
Tulifika mia nne na sita.

Gari lilikuja na giza.
Ofisa hakukuta kifutio, akafuta kwa mkono wa shati,
chaki ikamganda mpaka kiwikoni.
"Kiongozi wenu nani?"
Mama Musonda, mafuta ya vitumbua bado vidoleni, akafikiri kwa kweli,
kama mtu aliyeulizwa njia.
"Mstari," akajibu.
Wakamchukua yeye, na Chola, na wengine watano.
Karai lake liko kwangu. Sijaliosha.

Jumatatu watoto wakaingia.
Ubao ule ni mzee, haumezi kila kitu:
chini ya madebe saba vilionekana,
hafifu, kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi,
vijiti.
Banza, yule asiyejua kuzidisha, akasimama:
"Mwalimu, na hizi tunajumlisha?"
Nikamwambia akae.
Kisha nikamwambia asikae.